Swali la Kumi na Saba

Mtihani wa ng'ambo unalipiwa kwa dola,
na dola hazipimwi kwa kibaba sokoni Mgandini.
Mwanamvita alipiga hesabu nyuma ya risiti ya luku:
miezi minne ya kuchapa barua za watu,
wasifu, kadi za harusi, kesi za viwanja,
ndipo mtu asiyemjua, kwa lugha asiyoiota,
amwandikie kwamba anajua kompyuta.

Ndipo tukakaa, watu watano na feni moja,
chumba cha uani, Barabara ya Kumi na Mbili,
tutunge wa kwetu.
Semkiwa alitaka elfu ishirini.
Mama Hiza akamtazama
mpaka akashuka mwenyewe, kituo kwa kituo,
akafika elfu kumi na mbili.
Humo mna umeme, posho ya msimamizi,
na cheti chenye mhuri usiofutika kwa mate.
Ujira wa mtungaji, yaani mimi,
tuliuandikia mstari, tukauacha mtupu.

Nilileta maswali hamsini.
Kila moja na majibu manne,
matatu ya uongo, yamevaa kanzu ya kweli.
Nilijiona fundi.
La kumi na saba lilisema:
*Kitufe cha kupanga safu kimo katika menyu ipi?*

Jumamosi ya majaribio, watahiniwa tisa, kompyuta saba.
Wawili wakasubiri barazani na mihogo yao.
Mwanamvita akanyoosha mkono.

"Mwalimu, dukani kwetu hakipo hapo.
Ile programu ni ya zamani.
Hii yenu nayo, mwakani watakihamisha.
Mimi sijui kinakoishi,
ila nikikitaka hakinikimbii.
Sasa mnapima ujuzi, au mnapima anwani?"

Hakuna aliyejibu.
Feni ikazungusha shingo,
hapana, ikasema, hapana,
ukutani hadi ukutani.

Usiku ule nililifuta.
Nikafuta na la kumi na nane, na la ishirini,
nikafuta hadi muadhini wa alfajiri akanikuta
nimebakiwa na maswali sita
na aibu ya kiasi.
Kisha nikaandika:

*Hili ni faili la mizani ya shamba la mkonge.*
*Tarehe nyingine zimeanza na mwezi.*
*Kilo zimelala kitanda kimoja na tani.*
*Majina mengine yamejirudia.*
*Kesho ni siku ya mshahara.*
*Nani alipwe nini?*
*Tumia programu yoyote, njia yoyote.*
*Dakika arobaini.*

Mama Hiza ana sheria moja:
apikaye aonje.
Nikaonja. Swali langu mwenyewe,
na faili kalivuruga Semkiwa, nisilione kabla.
Nikapata hamsini na nane.
Kupita ni sitini.

Mhina alikuwa ameandikwa mara tatu.
Nikafuta wawili, nikabaki na mmoja, nikaona nimesafisha.
Kumbe namba za kazi zilikuwa mbili.
Mhina wa pili alikuwa mtu,
ana kilo zake mia nne na kumi za singa,
na mimi, mwalimu, kwa kidole kimoja,
nilimrudisha Pongwe mikono mitupu.

Mwanamvita alipata themanini na moja.
Hakuruka, hakupiga kigelegele.
Alikiinua cheti kwenye mwanga wa dirisha:
"Wino umefifia pembeni. Chapeni upya.
Mtu wa bandarini ataanza na pembeni."

Tumeandikia ofisi kumi na moja.
Mbili zimejibu.
Moja inauliza sisi ni nani.
Nyingine inasema: mleteni huyo, tumpe faili letu tumwone.
Semkiwa amebandika zote mbili mlangoni,
na ile ya kwanza ameipa nafasi ya juu.

Nimelipa elfu kumi na mbili zangu.
Risiti ninayo, jina langu ni la sita.
Msimamizi wa Jumamosi hii ni Mwanamvita.
Amesimama mlangoni na kikapu cha ukili:
"Simu zote humu," anasema.
Nami napita, nikitabasamu kidogo.
"Hata yako, Mwalimu."